Shangazi, nihame Biashara ya Kimataifa niende Uhasibu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 21, nipo mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, nasoma shahada ya biashara ya kimataifa. Naomba ushauri wako kwa sababu nyumbani hatuelewani, na chuoni nako sijielewi.

Baba yangu ana duka la jumla la viatu na mabegi Kariakoo. Aliishia darasa la saba, lakini tangu nikiwa mdogo anakwenda Guangzhou na kurudi, na ndiyo hela iliyotusomesha watoto wote wanne. Nilipochaguliwa kozi hii alifurahi kuliko mimi. Aliwatangazia hadi majirani zake wa fremu kwamba sasa amepata wa kumshika mkono. Mimi mwenyewe niliijaza kwa kuwa jina lake lilinivutia, nikajua nitafundishwa kuagiza na kusafirisha mzigo kitaalamu.

Sasa tunasoma mambo makubwa makubwa: kwa nini kampuni zinakwenda nje, tamaduni za biashara, mikakati ya kuingia soko geni, historia ya Shirika la Biashara Duniani, WTO. Kazi ya kikundi ya muhula uliopita ilikuwa kampuni ya kuku wa kukaanga ya Marekani ilivyoingia China. Hati ya mzigo halisi sijawahi kuishika hata moja.

Mwezi uliopita kontena la baba lilichelewa kutoka bandarini, wakala akaleta karatasi ya madai: stoji, demareji na tozo nyingine chungu nzima. Baba akanipa mbele ya wauzaji wake, akasema, "Haya mtaalamu, tueleze hela yote hii ni ya nini, na nani hapa ananiibia." Nikaisoma, nikairudia. Maneno nilikuwa nayajua, lakini sikuweza kusema lipi linalipwa kwa nani wala kwa nini. Baba hakunigombeza. Aliichukua karatasi akamwita kijana wake wa dukani, aliyeishia kidato cha nne, na yule akaeleza. Usiku nikamsikia akimwambia mama, "Wanamfundisha kuku wa Wamarekani walivyofika China, hawamfundishi kontena la babake litatokaje hapo Kurasini."

Sasa anataka niahirishe mwaka, twende wote Guangzhou mwezi wa kumi, nibaki huko na binamu yangu ambaye kazi yake ni kuwatafutia wateja mizigo, halafu nirudi nishike duka. Binamu naye anasema digrii ni makaratasi tu, yeye oda anazipata Instagram.

Mimi ninataka kuhamia uhasibu. Wenzangu wa uhasibu wananicheka, "Ninyi mtaajiriwa kama nani?" Na kweli, nikisoma matangazo ya kazi wanatafuta mhasibu mwenye cheti cha CPA, afisa ugavi aliyesajiliwa na bodi, afisa masoko. "Afisa biashara ya kimataifa" sijamwona. Ila nikihama nitaanza upya mwaka wa kwanza, na sijui Bodi ya Mikopo watasemaje. Bumu ndilo linalolipia chumba changu. Sina sapu na GPA yangu ni 3.6.

Nihame, niahirishe, au nivumilie? Na jambo dogo: muhula ujao tunachagua lugha moja, Kifaransa au Kichina. Baba anasema ni Kichina, hakuna mjadala.

Binti wa Mfanyabiashara, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu.

Tuanze na ile karatasi ya wakala, maana naona wewe na mzee wako wote mmeifanya hakimu wa kesi hii. Kabla ya safu hii nilikaa benki, dawati la biashara ya nje, kwa hiyo leo wasomaji wengine mtanivumilia nikizama kidogo.

Stoji ni kodi ya mahali. Kontena limekaa kwenye uwanja wa bandari au wa bandari kavu kupita siku za bure, mwenye uwanja anadai. Demareji ni ya chombo chenyewe: kontena ni mali ya kampuni ya meli, nayo inalitaka lirudi likiwa tupu. Hapo pia kuna siku za bure, zikiisha saa inaanza kuhesabu kwa dola, na kwa kawaida kadiri unavyochelewa ndivyo bei ya siku inavyopanda. Kwa hiyo kontena moja lililolala linalipiwa mara mbili, kwa watu wawili tofauti, na hapo hakuna aliyeiba. Ushuru na VAT vinakwenda mamlaka ya mapato, TRA. Kinachobaki ni ada ya wakala na tozo za nyaraka, na huko ndiko mzee anapotakiwa kukodoa macho.

Ukitaka kujua nani alilala, usianze na hela, anza na tarehe. Meli ilishusha lini? Tamko la forodha, wenyewe wanaliita TANSAD, liliingizwa kwenye mfumo lini? Kodi ililipwa lini? Kontena lilitoka getini lini? Zipange hizo nne kwenye mstari. Pengo likiwa kati ya meli kushusha na tamko kuingizwa, ama wakala alizubaa ama hati kutoka China zilichelewa. Likiwa kati ya tamko na malipo, ama TRA walihoji thamani ama mzee mwenyewe alikuwa bado anatafuta hela, na hilo wazee wetu huwa hawalisemi mbele ya watoto.

Yule kijana wa dukani alijua nani analipwa nini kwa sababu amesimama kwenye foleni zile. Namheshimu. Lakini muulize kwa nini kontena moja la "viatu" linahitaji mistari mitatu kwenye tamko. Kwenye orodha ya ushuru inayotumika karibu dunia nzima, kiatu chenye uso wa ngozi kiko 6403, cha kitambaa 6404, cha mpira au plastiki 6402. Mabegi hayapo huko kabisa, yako 4202. Tarakimu sita za kwanza ni zile zile Guangzhou na Dar es Salaam, Afrika Mashariki tunaongeza mbili. Muuzaji wa China akiandika "shoes and bags" kwenye ankara, idadi ya jumla, bei ya jumla, basi afisa wa forodha ana kila sababu ya kulifungua kontena na kuhesabu jozi kwa jozi. Siku zinakwenda. Karatasi uliyopewa inaweza kuwa ilizaliwa hapo, kwenye mstari mmoja ulioandikwa kivivu huko China.

Sasa hesabu. Chukua mzigo wenye thamani ya dola 10,000 ukijumlisha bei, nauli ya meli na bima, yaani CIF, kwa sababu ndiyo thamani ambayo forodha ya Afrika Mashariki inaanzia. Bidhaa ikiwa kundi la asilimia 25, ushuru ni 2,500. VAT ya asilimia 18 haikatwi kwenye 10,000, inakatwa kwenye 12,500, kwa hiyo ni 2,250. Umeshafika 4,750 kabla ya tozo nyingine, wakala na lori. Ikiwa kundi la asilimia 35, kundi la nne ambalo Jumuiya ya Afrika Mashariki ililiongeza Julai 2022 juu ya yale ya 0, 10 na 25, ushuru ni 3,500 na VAT ni 2,430. Tofauti ni dola 1,180 kwa mzigo ule ule. Kwa nini kundi hilo lilianzishwa? Kulinda viwanda vya ndani ya Jumuiya. Nani aliamua? Mawaziri wa nchi wanachama. Kwa nini kila Juni viwango vinaweza kubadilika kwa nchi moja na si jirani yake? Kwa sababu nchi huomba ruhusa ya kutotumia kiwango cha pamoja kwa bidhaa fulani, kwa mwaka mmoja mmoja. Hayo, mwanangu, ndiyo "mambo makubwa makubwa" unayoyalalamikia. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, wakafunga tena Juni 2024, kodi na namna ya kuzikusanya zilikuwa juu kabisa kwenye madai yao. Mhadhiri wako alikuwa na mfano hai umbali wa nauli moja ya daladala, akachagua kuku. Hapo nakubaliana na baba yako moja kwa moja.

Kozi yenu ina udhaifu wa kweli na sitakuficha. Inachukua kipande cha uchumi, kipande cha sheria, cha fedha, cha masoko, halafu inamwachia mwanafunzi kazi ya kuviunganisha. Anayemaliza na vipande tu anapata shida mtaani, na wenzako wa uhasibu wana haki ya kumuuliza ataajiriwa kama nani. Ila umetafuta kazi kwa jina ambalo waajiri hawalitumii. Angalia kampuni za meli, wana dawati zima la nyaraka. Angalia viwanda vinavyoagiza malighafi, wanaosafirisha korosho na kahawa, kampuni za kusafirisha shehena kwenda Congo na Zambia, mabenki. Tangazo litasema afisa nyaraka, afisa uagizaji, afisa operesheni, mchambuzi wa biashara ya nje. Mhasibu anaweza kuomba kazi hizo pia. Swali ni nani anaijua kazi siku ya kwanza.

Nikupe moja la benki. Mteja wetu alikuwa anapeleka korosho nje. Mzigo safi, umepimwa, umepakiwa, meli imeondoka. Malipo yalikuwa kwa LC, ile dhamana ambayo benki ya mnunuzi inaahidi kulipa hati zikiwa sawa. LC ilisema mwisho wa kupakia ni 31 Desemba. Hati ya meli ilikuja na tarehe 2 Januari. Benki ya huko ikakataa kulipa, na ilikuwa na haki, kwa sababu kwa kanuni za UCP 600, zinazotumika tangu 2007, benki inashughulika na karatasi, haishughuliki na korosho. Ina siku tano za kazi za kukagua hati na kusema ndiyo au hapana. Mnunuzi, akijua kabisa mzigo uko baharini na bei sokoni imeshuka, akaomba apunguziwe bei ndipo akubali hati zenye kasoro. Akapunguziwa. Hakuna aliyekosea hesabu hata shilingi, vitabu vya mhasibu wa yule mteja vilikuwa safi. Alikosekana mtu mmoja wa kusoma LC siku ilipofika na kusema: mzee, meli hii hatuiwahi, tuombe tarehe isogezwe sasa, mnunuzi akiwa bado anautaka mzigo.

Kwa hiyo usihame. Ungeniambia unaipenda hesabu, unasoma taarifa za fedha kwa raha, ningekwambia hama hata kesho. Barua yako haina neno hilo hata moja. Umeandika kicheko cha wenzako na matangazo ya kazi. Kurudi mwaka wa kwanza kwa ajili ya kicheko ni ghali mno, hasa kwa mtu asiye na sapu. Na CPA haikukimbii: NBAA, ile bodi ya wahasibu, hawawafungii mlango wenye shahada nyingine, tofauti ni ngazi unayoanzia na masomo unayosamehewa. Ukimaliza na bado unaitamani, utaifuata. Ukiamua kuhama licha ya haya yote, nenda kwanza ofisi ya udahili na Bodi ya Mikopo, wakujibu kwa maandishi kuhusu mkopo wako. Usichukue jibu la mtu wa kaunta.

Kuahirisha pia hapana, na hili litamuuma mzee, kwa hiyo mpelekee na kalenda. Maonyesho makubwa ya Guangzhou yanafanyika mara mbili kwa mwaka na yale ya vuli yanaanza katikati ya Oktoba kwa awamu tatu. Viatu na mabegi viko awamu ya mwisho, inayoingia mwanzoni mwa Novemba. Hizo ni siku chache tu. Akitaka uyaone, omba ruhusa chuoni uende, urudi. Kwa nini upoteze mwaka mzima kwa jambo la wiki moja? Kukaa na binamu ni jambo jingine. Binamu anaishi kwa kamisheni ya wateja, na wewe utakuwa msaidizi wake wa kubeba sampuli na kupiga picha. Kazi halali, lakini hiyo huihitaji mwaka wa pili.

Muombe mzee kitu ambacho hatakukatalia: faili za mizigo yake ya nyuma. Ankara, orodha ya vifurushi, hati ya meli, tamko, risiti za kodi, madai ya wakala. Najua wazee wa Kariakoo wanavyotunza karatasi, zitakuwa kwenye boksi la viatu chini ya kaunta, nyingine zina chai. Zipange mzigo kwa mzigo. Kisha tafuta gharama halisi ya jozi moja hadi inafika rafu ya dukani, kwa shilingi, kwa kiwango cha dola cha siku aliyolipa. Hapo utakutana na mambo. Kama alinunua dola kwa bei ya juu katikati ya 2024, na mzigo ukauzwa mwishoni mwa mwaka shilingi ilipokuwa imepanda thamani, jirani yake aliyelipa baadaye alikuwa na gharama ndogo kwa kiatu kile kile na angeweza kumpiga bei. Mzee atakuwa aliiona faida imepungua akamlaumu muuzaji wake.

Angalia pia ananunua kwa masharti gani. Wengi wanadhani CIF maana yake muuzaji anabeba hatari hadi Dar es Salaam. Sivyo. Analipa nauli na bima, lakini hatari inahamia kwa mnunuzi pale mzigo unapopakiwa melini kule kwao, na bima anayotakiwa kukata ni ya kiwango cha chini. Juu ya hapo sheria yetu inataka bima ya mzigo unaoingia nchini ikatwe kwa kampuni za hapa. Muulize mzee kama amekuwa akilipia bima mara mbili. Uliza kwa adabu, mkiwa wawili, si mbele ya wauzaji. Alivyokupa ile karatasi hadharani hakufanya vizuri, wewe usimlipize.

Halafu fildi, yale mafunzo ya vitendo. Usikubali kupelekwa ofisi ya rafiki wa familia ukatoe kopi na kutumwa chai. Andika barua mapema kwa wakala wa forodha au benki yenye dawati la biashara ya nje, omba kukaa kwenye nyaraka. Ukimaliza shahada kuna cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, hapa nchini kinafundishwa na Chuo cha Kodi. Ukiwa nacho juu ya shahada yako, yale maswali ya "utaajiriwa kama nani" yatapungua. Na mada ya utafiti wako wa mwaka wa mwisho unayo tayari ndani ya lile boksi, bila majina ya watu, kwa idhini ya mzee. Kuku waachie wenzako.

Lugha. Hapa nitamkosea baba yako. Kichina ni kizuri, na pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ipo Taasisi ya Confucius kwa atakayekitaka kwa muda wake. Lakini upande wa Guangzhou mna binamu, na wauzaji wa kule wamejifunza kuongea na Waafrika kwa kikokotoo na simu miaka mingi. Geukia upande wa pili. Bandari ya Dar es Salaam inapitisha shehena kubwa ya Congo, na Congo ilijiunga na Jumuiya 2022. Mfanyabiashara wa Lubumbashi akija Kariakoo mtaongea Kiswahili hadi mcheke, ila mkataba wake, tamko lake la forodha na barua za benki yake viko kwa Kifaransa, na sheria yake ya biashara ni ya OHADA, mfumo ambao Congo iliingia 2012 na sisi hatumo. Mtanzania anayejua Kiswahili cha kupatana bei na Kifaransa cha kusoma hati simwoni mara nyingi kwenye ofisi za Dar. Mzee akiuliza kwa nini umemkaidi, mwambie kwamba duka linalonunua China halijakatazwa kuuza Congo, umwulize ana wateja wangapi wa kutoka huko na wanalipaje. Fomu za kuchagua lugha hufungwa mapema. Jaza Kifaransa.